Kona za Tukuyu, mchanga kwenye buti na hesabu ya 50 kwa 50

*"Mtaalamu, salaam. Naishi Uyole, Mbeya, na naendesha Subaru Impreza WRX ya 2004, gia za mkono. Kila wiki nashuka Tukuyu kikazi, na mara moja moja naenda Dar kupitia Kitonga. Shida yangu ni kona. Nikiingia kona ya kubana, hasa lami ikiwa imelowa, gari linakataa kukata. Usukani nimeshaukata lakini pua inaelekea mtaroni, na nikikanyaga mafuta ndiyo inazidi. Halafu juzi kwenye mteremko niliachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia ukachomoka. Fundi mmoja anasema Subaru ni nzito mbele, niweke mifuko miwili ya mchanga ya kilo 25 kwenye buti ili gari lifike 50 kwa 50. Rafiki yangu anasema niuze, nichukue Altezza au BMW kwa sababu hizo zimesawazishwa tangu kiwandani. Mwingine ananishauri nikate springi za mbele. Kwenye buti tayari kuna boksi la spika na amplifaya. Matairi mawili mapya nimefunga mbele, ya nyuma ni ya siku nyingi kidogo. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu wa Uyole, umeeleza magonjwa mawili ambayo watu wengi huyaona kama kinyume cha mwenzake: pua kutoka nje ya kona, na mkia kuchomoka. Wanakijiwe wanakupa dawa ya la kwanza, na karibu zote zitalizidisha la pili. Kabla ya kubeba mchanga inafaa ujue kwa nini gari moja linaweza kuugua yote mawili kwenye barabara ileile.

Fundi wako hajakosea alipoanzia. WRX ni nzito mbele. Injini yake, ile EJ20 ya silinda nne zinazolala kushoto na kulia, imekaa karibu yote mbele ya mstari wa ekseli ya mbele. Giaboksi ndiyo iko nyuma ya mstari huo. Ongeza turbo, rejeta na intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyolala juu ya injini, na utaona kwa nini takribani asilimia 59 ya uzito wa gari hilo iko kwenye matairi ya mbele. Injini kulala kunashusha kitovu cha uzito, na hiyo ni faida ya kweli, lakini hakukisogezi nyuma hata inchi moja. Kuwa chini na kuwa katikati ni mambo mawili tofauti.

Kuna mkanganyiko mwingine nataka niuondoe mapema. WRX ya gia za mkono hugawa nguvu ya injini nusu mbele na nusu nyuma kupitia difu la katikati. Hiyo ndiyo "50 kwa 50" ambayo wenye Subaru hujivunia. Haihusiani na uzito. Ni rahisi mtu akachanganya namba hizo mbili, kisha akashangaa kwa nini gari "lililosawazishwa" linamtupa nje ya kona.

Sasa twende kwenye kiini. Tuchukue gari lako, wewe ukiwa ndani na tangi likiwa nusu, kuwa kilo 1,400. Namba hii ni ya hesabu tu. Asilimia 59 ni kilo 826 mbele, nyuma kilo 574. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwenye Impreza ya umri huo ni milimita 2,525. Kitovu cha uzito tukikadirie kuwa nusu mita na kitu juu ya lami, tuseme sentimita 52.

Mgawanyo huo ni wa gari lililosimama. Ukikanyaga breki, uzito haubaki ulipo. Kadiri inayohama kwenda mbele ni uzito wa gari mara ukali wa breki, mara kimo cha kitovu cha uzito, ukagawa kwa umbali wa ekseli. Breki kali kwenye lami kavu, kama asilimia 70 ya mvuto wa dunia, huhamisha kama kilo 200 kutoka nyuma kwenda mbele. Papo hapo gari lako linakuwa na kilo 1,026 mbele na 374 nyuma. Hiyo ni 73 kwa 27. Kanyaga mafuta, zinarudi nyuma. Kata kona, zinahamia upande wa nje: kwenye kona ya kasi ya wastani, karibu kilo 300 hutoka kwenye matairi ya ndani kwenda ya nje. Mguu wako wa kulia unahamisha kilo nyingi kuliko mifuko yote ya mchanga utakayoweza kuipakia kwenye buti, na unazihamisha kwa sekunde moja.

Lakini kama tairi likibebeshwa uzito zaidi linashika zaidi, kwa nini pua nzito isishike vizuri? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ni kweli tairi lililobeba zaidi hushika zaidi, ila mshiko haupandi sawasawa na uzito. Chukua mfano wa tairi lililobeba kilo 400, linaloweza kuvuta pembeni kwa nguvu sawa na kilo 400. Libebeshe 550, halitatoa 550, litatoa labda 500. Mwenzake wa upande wa pili aliyebaki na 250 atatoa kama 265. Jumla ya wawili ilikuwa 800, sasa ni 765. Uzito ni uleule, mshiko umepungua. Kila uzito unapohama kutoka tairi moja kwenda jingine la ekseli ileile, ekseli hiyo inapata hasara. Pua ya WRX inabeba asilimia 59 ya gari, kwa hiyo inadaiwa asilimia 59 ya kazi ya kulipindisha gari, na inaifanya kwa matairi yenye saizi ileile ya yale ya nyuma. Inaishiwa kwanza. Ndiyo unasikia usukani umekata na gari linakwenda moja kwa moja.

Na unapoongeza mafuta humo kwenye kona unafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Unarudisha uzito nyuma, kwa hiyo matairi ya mbele yanapoteza mzigo uliokuwa unayasaidia kuuma. Tena, kwa kuwa gari linavuta magurudumu yote, unayadai matairi hayohayo ya mbele yasukume gari huku yanaligeuza. Tairi lina akiba moja ya mshiko. Ukiitumia kusukuma, haibaki ya kugeuza. Gari halina ubovu hapo, linakufuata unavyoliagiza.

Mkia nao ulichomoka kwa sababu iliyo upande wa pili wa hesabu hiyo. Kuachia mafuta ghafla kwenye gia ya pili au ya tatu ni kama kugusa breki. Kilo 40 hivi zinaruka kutoka nyuma kwenda mbele, pua inauma kwa ghafla, na nyuma kukiwa kumebaki kwepesi, tena kwenye matairi ya zamani uliyoyaacha huko, kunaserereka. Mteremko watu huulaumu kupita kiasi. Mteremko wa asilimia 8 peke yake huhamisha kilo 23 tu kwenye gari kama lako. Kinachofanya mteremko uwe mbaya ni kwamba unashuka ukiwa juu ya breki, au unashtuka na kunyanyua mguu mahali ambapo hukupaswa.

Rudi sasa kwa mchanga. Kilo 50 zikikaa kwenye buti, kama sentimita 70 nyuma ya ekseli ya nyuma, zinaongeza kilo 64 nyuma na kuinua kilo 14 mbele, maana gari linafanya kama mti wa kupimia ulioegemea kwenye ekseli ya nyuma. Utapata 812 mbele na 638 nyuma, yaani 56 kwa 44. Hata 50 kwa 50 hujaifikia. Ukitaka kuifikia kwa mchanga wa buti, utahitaji zaidi ya kilo 160, na kufikia hapo umeshatengeneza pikapu mbovu.

Hasara yake haionekani kwenye mzani. Mtu aliyebeba mzega wenye ndoo mbili zilizojaa akitaka kugeuka kona ya njia, ndoo haziitiki mara moja, na zikishaanza kuzunguka hazisimami anapotaka. Uzito uliowekwa mbali na katikati ya gari hufanya vivyo hivyo. Mafundi wa hesabu huita hali hiyo inesha, na hukua kwa mraba wa umbali: kilo moja iliyo mita mbili kutoka kwenye kitovu ina ubishi mara nne kuliko kilo iliyo mita moja. Mifuko yako miwili, ikiwa zaidi ya mita mbili nyuma ya kitovu, inaongeza ubishi wa gari kugeuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Gari litachelewa kuingia kona, na siku mkia ukianza kwenda, utaendelea kwenda. Umesema mkia umeshakuchomoka mara moja bila mchanga. Usisahau pia kwamba mfuko usiofungwa, gari likigonga, unakuja kwenye kiti.

Ushauri wa mchanga una kwao. Dereva wa Hilux isiyo na mzigo, inayovuta nyuma tu, akipanda kwenda Makete au Kitulo kwenye tope, bodi lake la nyuma ni tupu na springi zake ni ngumu za majani. Akitupia magunia ya viazi juu ya ekseli ya nyuma, matairi yanayovuta yanapata mzigo wa kuuma ardhi. Anafanya jambo sahihi kwa gari lake. Gari linalovuta magurudumu manne, kwenye lami, lenye shida ya kona na si ya kukwama, halina ugonjwa huo.

Na hiyo namba takatifu ya 50 kwa 50? Fanya jaribio la hesabu. Pakia abiria watatu kwenye kiti cha nyuma cha WRX yako, kilo 70 kila mmoja. Kwa kuwa kiti kiko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kilo kama 183 zitaangukia nyuma na 27 mbele. Gari lina kilo 853 mbele na 757 nyuma: 53 kwa 47 kamili. Huo ndio mgawanyo uleule ambao Toyota waliuchagua kwa Toyota 86, gari linalosifiwa duniani kwa kona zake. Umeupata bure. Je, Subaru yako yenye watu wanne inakata kona kama 86? Haikati. Kila tairi limebeba zaidi na linashika kwa uwiano mdogo zaidi, nyuma kumekaa chini, taa zinamulika miti, na breki zina kilo 210 za ziada za kusimamisha. Namba ni ileile, gari si lilelile.

Waliounda 86 waliamua wenyewe kutolenga 50 kwa 50. Waliangalia mgawanyo gari likiwa kazini, si likiwa limeegeshwa. Porsche 911 nayo ina injini nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma na karibu asilimia 60 ya uzito huko, kinyume cha Subaru yako, na imeshinda mashindano tusiyoweza kuyahesabu hapa. Ila namna walivyolifuga gari hilo inafundisha. Matoleo ya kwanza yalikuwa na tabia ya mkia kumzunguka dereva. Kwa toleo la 1969 waliyasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 kwenda nyuma, injini ikabaki ilipo, na betri mbili ndogo zikawekwa pembe za mbele. Leo linavaa matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele. Hawakujaza mchanga kwenye boneti.

Altezza imekaa karibu na usawa kuliko WRX, kweli, na BMW nyingi za E46 zenye silinda sita zina betri ndani ya buti kwa sababu hiyohiyo. Ni magari matamu ya kuendesha. Lakini yanavuta nyuma tu, na kwenye barabara ya Tukuyu, mahali ambapo mvua ni ya karibu kila siku kwa miezi mingi na ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, dereva mwenye tabia ya kuongeza au kuachia mafuta katikati ya kona atazungushwa na Altezza kabla Subaru haijamwonyesha hata dalili. Ukitaka Altezza kwa kuipenda, nunua. Usiinunue kama dawa ya ugonjwa huu.

Suala la kukata springi nitalipitia haraka maana halistahili muda mrefu. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye kikalio chake, shokapu linafanya kazi likiwa limejibana, na kwenye kona mpira wa kuzuia unagonga: papo hapo ekseli ya mbele inakuwa ngumu kama jiwe na inapoteza mshiko kwa mkupuo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye mfumo wa mbele wa gari lako, ukishusha bodi kwa sentimita nne, zile wishiboni za chini zinageuka kuelekea juu, na sehemu ambayo bodi huyumbia inashuka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Gari linaonekana limelala chini, na linayumba kwa mkono mrefu zaidi kuliko mwanzo. Hapo sijataja matuta.

Sasa kazi yenyewe, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

Matairi kwanza, na hapa nitakusimamisha kwa ukali kidogo. Kufunga mapya mbele na kuacha yaliyochakaa nyuma ni kosa kwenye gari lolote, na kwenye Subaru ni makosa mawili. La kwanza umeshalionja: mbele kunauma, nyuma kunateleza. Ukiwa na mawili tu mazuri, yaende nyuma, maana pua ikitoka nje dereva ana muda wa kupunguza mwendo, ila mkia ukitoka wengi hawana ujuzi wa kuurudisha. La pili ni difu la katikati. Matairi manne yasiyolingana mzingo hulilazimisha difu hilo kufanya kazi hata kwenye njia iliyonyooka, linachemka na kufa. Wenye Subaru huelekezwa tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe katikati ya kila tairi likiwa na upepo sawa, andika namba nne. Zikizidi hapo, nunua manne ya aina moja. Ni fedha nyingi, najua, ila difu ni zaidi.

Soma pia tarehe iliyochongwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi ni mpira uliokauka, na mpira uliokauka kwenye lami yenye maji ni kama plastiki. Kwa mvua za kwenu usikubali kashata chini ya milimita 3. Hili lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu kwenye lami iliyolowa nguvu zote ni ndogo, kwa hiyo uzito unaohama nao ni mdogo. Mambo ya springi na stabilaiza (chuma kinachounganisha kushoto na kulia ili bodi lisiyumbe sana) yana usemi mkubwa kwenye lami kavu. Kwenye maji, usemi mkubwa ni wa mpira na nafasi ya kashata ya kusukuma maji pembeni.

Upepo ufuate kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, upimwe tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Kutoka Dar hadi Mbeya unapanda mita kama 1,700. Hewa ya nje inapungua mgandamizo, kwa hiyo geji inasoma psi mbili na nusu hivi zaidi, lakini baridi ya Mbeya inazirudisha karibu zote: kila nyuzi 10 za joto zikishuka, tairi hupoteza kama psi moja na nusu. Ndiyo maana kujaza Dar na kuamini namba hiyo Juni saa kumi na mbili asubuhi Uyole ni kubahatisha. Ukitaka kujaribu tabia ya gari, badilisha psi 2 tu kwa wakati mmoja na ekseli moja tu, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Pili, toa boksi la spika kwa wiki moja. Boksi, amplifaya na vyuma vyake mara nyingi ni kilo 30 hadi 40, tayari karibu sawa na mchanga wa fundi wako, na pua bado inatoka nje. Hapo una ushahidi wako mwenyewe kwamba uzito wa buti hautibu. Ukiamua kulirudisha, lisogeze kabisa hadi mgongo wa kiti na lifungwe kwa boliti.

Tatu, bushi na linki. Gari la umri huo kwenye barabara zetu karibu lazima liwe na linki za stabilaiza zinazogonga, bushi za wishiboni zilizopasuka, au shokapu linalovuja mafuta. Stabilaiza yenye linki mbovu ni chuma kinachosafiri tu. Baada ya hapo alaimenti, kwa mashine inayopima magurudumu manne, si ya kamba. Mwambie fundi atazame boliti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokapu la mbele kwenye nako: ina kichwa cha kuzungusha na inakuruhusu kulaza tairi. Ombi lako liwe sehemu ya juu ya tairi la mbele ilale ndani kwa nyuzi 1 hadi 1 na robo, kushoto na kulia sawa, na pua za matairi ziwe sambamba. Tairi lililolala hivyo, bodi likiyumba, linakanyaga lami kwa uso wote badala ya bega la nje. Kwa fedha ya alaimenti, hii ndiyo tiba kubwa kuliko zote ya pua kutoka nje, na sielewi kwa nini haitajwi vijiweni.

Nne, kama bado unataka zaidi baada ya hayo, ndipo ufikirie stabilaiza nene ya nyuma. Ugumu wake hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe, kwa hiyo kutoka milimita 20 kwenda 22 si asilimia 10, ni asilimia 46. Inafanya kazi kwa kuhamishia hasara ya mshiko nyuma ili mbele kupone. Soma sentensi hiyo mara mbili. Haikuongezei mshiko, inauhamisha. Kwa dereva wa lami kavu ni nzuri. Kwako wewe wa Tukuyu, ambaye mkia umeshachomoka, ningesubiri hadi matairi manne yawe sawa na miguu yako iwe imetulia kwenye pedali. Kuhamisha betri kwenda buti ninaliweka mwisho: betri ya kilo 15 inakupa asilimia moja tu, 58 badala ya 59, na inadai waya nene, fyuzi karibu na betri, na kasha lililofungwa. Fundi wa haraka haraka akiruka fyuzi hiyo, umejiwekea moto nyuma ya kiti.

Ukitaka kuujua mgawanyo wa gari lako mwenyewe badala ya namba zangu, huhitaji vifaa vya mbio. Mizani ya magari ya barabarani kama ya Uyole au Makambako imetengenezwa kwa malori, haitakupa usahihi huo. Tafuta mzani wa jukwaa wa kilo 500, ule wa maghala ya mpunga au kahawa. Sakafu iwe sawa kabisa. Weka gurudumu moja juu ya mzani, na mengine matatu juu ya mbao zenye kimo kilekile cha mzani, hata nusu inchi ikizidi inapotosha. Tangi nusu, upepo sawa, na kwenye kiti chako mifuko yenye uzito wako (hapo mchanga una kazi). Sukuma gari kidogo mbele na nyuma kabla ya kusoma ili springi zitulie. Rudia kwa magurudumu yote manne. Jumla ya mawili ya mbele gawa kwa jumla yote, una asilimia ya mbele. Kisha jumlisha kulia mbele na kushoto nyuma, ugawe kwa jumla yote: inapaswa kukaribia asilimia 50. Ikiwa 53 au 47, gari limekaa kimshazari, litakata kona za kulia tofauti na za kushoto, na mara nyingi chanzo ni springi moja iliyochoka au springi za mtumba zilizochanganywa.

Miguu nayo ina sehemu yake. Breki yote ifanyike gari likiwa limenyooka. Unapoanza kukata usukani, usiruke kutoka kwenye breki, iachie taratibu kadiri usukani unavyoongezeka, ili zile kilo zilizokwenda mbele zikusaidie kuingia. Katikati ya kona mguu uwe umetulia, mafuta kidogo ya kushikilia mwendo. Kanyaga tu unapoanza kunyoosha usukani. Pua ikitoka nje, usiongeze usukani, rudisha kidogo na upunguze mafuta pole pole. Kwenye mteremko, gia ya chini ichaguliwe kabla ya kona. Kwenye foleni ya malori ya Kitonga sheria ya kwanza ni mwendo mdogo, na hakuna stabilaiza inayofuta sheria hiyo.

Usijaribie haya barabarani. Tafuta eneo pana la wazi lenye ruhusa ya mwenyewe, panga makopo kwenye duara la nusu kipenyo mita 15, zunguka kwa kilomita 20 kwa saa, kisha ongeza taratibu hadi 30, usivuke 35. Ikiwa kadiri mwendo unavyopanda unalazimika kuzidisha usukani, pua ndiyo inaishiwa. Ikiwa unalazimika kuupunguza, ni mkia. Zunguka pande zote mbili, na linganisha kabla na baada ya alaimenti.

Kuna dalili ambazo hutakiwi kuzisomea hapa, peleka gari likaguliwe likiwa juu ya lifti: likivuta upande mmoja ukishika breki, usukani ukiwa na uwazi, tairi likilika upande mmoja tu, mlio wa kugonga unapopita tuta, matairi kukwaruza ukigeuza polepole kwenye maegesho (hilo ni difu la katikati linalia), au kama gari liliwahi kugongwa na mashine ya alaimenti inashindwa kuleta namba za kushoto na kulia pamoja. Na kama mkia utachomoka tena hata baada ya matairi manne mapya, liegeshe. Mwite fundi anayefanya magari ya rali, Iringa hawakosekani, aendeshe yeye huku wewe umekaa pembeni, umpe karatasi yenye namba zako nne za mzani na karatasi ya alaimenti.